Meza ya umbo la yai kutoka kwa fundi wa Chikongola: nyota nne, moja imebaki kwenye miguu

Kwa wale wanaoniuliza meza yangu ya kulia chakula imetoka wapi: imetengenezwa hapa hapa Mtwara mjini, kwa mzee mmoja seremala wa upande wa Chikongola asiye na bango wala ukurasa wa Instagram. Haikushuka kwenye basi la Dar. Ni mninga mtupu, urefu futi 6, upana futi 3 na nusu, umbo la yai, haina pembe hata moja. Nimelipa laki sita na nusu, meza peke yake bila viti. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyomnyima nitaieleza nikifika kwenye miguu.

Mie ni fundi cherehani, nina baraza langu karibu na Soko Kuu, na riziki yangu iko kwenye mikato ya mviringo: shingo, kwapa, kola, sketi za kuzunguka. Kwa hiyo nikisema meza imekatwa vizuri sisemi kwa kupendezwa na rangi ya vanishi. Nimeipitishia tepu, nimeipitishia kiganja, nimelala chini nikaitazama kwa chini pia, na huko chini kuna maneno yake.

Kwa nini yai? Kwa sababu ya chumba. Sebule yangu ni futi 10 kwa 12, na ukutani kuna kabati la vyombo ambalo siliondoi kwa ajili ya mtu. Meza ya mstatili niliyokuwa nayo zamani ilikuwa na pembe nne, na kila pembe ilijua nyonga ya nani inapita saa ngapi. Watoto ndio kabisa, pembe inawafikia usawa wa paji la uso. Duara nalo lina gharama zake. Ukitaka watu saba au wanane wakae kwenye duara bila kupigana viwiko, unahitaji kipenyo cha kama futi 5, na futi 5 inatawanyika pande zote kwa usawa, hailijali kabati la mtu. Yai linakupa urefu kule chumba kilikorefuka na linajibana kule chumba kilikojibana. Kwangu imebaki nafasi ya kama futi 3 kila upande usio na kabati. Mtu anarudisha kiti nyuma na mwingine anapita na beseni la kunawia mikono.

Jirani yangu mmoja alitaka kitu hicho hicho. Akaagiza kwa simu, kwa fundi mwingine, sitamtaja. Akamwambia: nitengenezee meza ya mviringo. Akaletewa duara kamili la futi 5, zuri, limeng'aa, na tangu siku hiyo mlango mmoja wa kabati lake haufunguki mpaka meza isukumwe. Walibishana mpaka majirani tukatoka nje. Fundi anasema: umesema mviringo, huo hapo. Jirani anasema: mviringo niliouona mie ulikuwa mrefu. Na ukiwasikiliza wote wawili wana haki, maana huku kwetu kila kisicho na pembe ni mviringo. Sahani ya mviringo, ringi ya baiskeli ya mviringo, sinia la samaki lile refu la mviringo, kioo cha mviringo. Mteja akija kwangu akisema anataka shingo ya mviringo, simkatii kitambaa mpaka nimchoree kidole kifuani pake, kutoka bega hili hadi lile, ninyamaze, nisubiri aseme "hapo hapo" au "shusha kidogo".

Ndiyo maana huyu mzee wa Chikongola alinikamata kwa swali lake la kwanza tu. Nilimkuta ameinama kwenye benchi, maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Karibu, kaa hapo, sogeza hiyo randa."

"Nataka meza ya kulia chakula. Umbo la yai."

"Yai lipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoa chaki sikioni, akachora sakafuni maumbo matatu, moja baada ya jingine, na kila moja akaligonga kwa kidole cha mguu.

La kwanza lilikuwa yai kweli, yai la kuku: upande mmoja mnene, upande wa pili umechongoka. La pili lilikuwa na pande mbili ndefu zilizonyooka kabisa, halafu kila mwisho nusu duara. La tatu halikuwa na mahali palipo nyooka hata kidogo, na ncha zake mbili zililingana, linaanza kupinda mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika. Wateja wake wote, alisema, wanaita hayo matatu kwa jina moja, umbo la yai, na wengi wakiletewa picha kwenye simu wanaonyesha la pili.

"Hili la kwanza ulishawahi kulitengeneza?" nikamuuliza.

"Mara moja. Baba mwenye nyumba alikaa huku kulikochongoka, peke yake, mbele ya wenzake kama imamu."

Nililichagua la tatu, na sababu yangu ni ya cherehani. Lile la pili ni rahisi kulikata, ndiyo maana linapendwa na mafundi: unapiga mistari miwili, unazungusha nusu duara mbili, umemaliza. Lakini pale mstari ulionyooka unapokutana na duara, pana jambo. Kwenye karatasi hulioni. Pitisha kiganja taratibu ukingoni na utalihisi, mkono ulikuwa unakwenda sawa, ghafla unageuzwa. Shingo ya nguo ikikatwa hivyo inakunja kitambaa pale pale kwenye makutano, na pasi haisaidii. Umbo la tatu halina makutano. Kwenye kamusi utalikuta linaitwa duaradufu, jina ambalo sijawahi kulisikia karakana yoyote Mtwara, na ukilisema utaangaliwa. Ukienda kwa fundi wewe sema yai, halafu chora.

Sasa uchoraji. Hapa ndipo mzee alipojipatia nyota zake nne zote, na naeleza kwa urefu kwa sababu fundi yeyote anaweza kufanya na wewe mteja unaweza kumsimamia.

Hakuchora kwenye mbao za meza. Alichukua plaiwudi nyembamba kwanza, ya kutengenezea pateni, yaani kielelezo cha kukatia. Akapiga mstari wa inchi 72, ndio urefu wa meza. Katikati yake akaupiga mwingine wa inchi 42 kwa kukingamisha, ndio upana. Msalaba. Kisha akashika tepu, akaweka mwanzo wake kwenye ncha ya ule mstari mfupi, akaivuta inchi 36, yaani nusu ya urefu wa meza, akaitembeza mpaka alama ya 36 ikagusa mstari mrefu. Hapo akapiga msumari. Akafanya hivyo hivyo upande wa pili, msumari wa pili. Nilipima baadaye: kila msumari ulikaa inchi 29 na robo kutoka katikati. Hakuzidisha wala kugawanya kitu, tepu ilimpa jibu.

Akachukua uzi usiovutika, akafunga mwisho mmoja kwenye msumari huu na mwisho wa pili kwenye ule, akahakikisha uzi wenyewe kati ya fundo na fundo una inchi 72, sawasawa na urefu wa meza. Uzi ukawa unalegea, maana ni mrefu kuliko nafasi iliyopo kati ya misumari. Akauingiza penseli ndani, akaukaza, akaanza kuutembeza. Penseli ikapanda, ikapita juu kabisa kwenye ncha ya mstari mfupi bila kuikosa, ikashuka upande wa pili. Akauhamishia uzi chini akamalizia nusu iliyobaki. Mistari ikakutana. Kijana wake aliyekuwa anapiga msasa pembeni hakuinua hata macho, kwake ni jambo la kila siku. Mie nilibaki nimesimama.

"Ukitaka liwe nene zaidi, sogeza misumari ikaribiane," mzee akaniambia. "Ukiipiga mahali pamoja, hilo ni duara. Ukiipeleka mbali, linakuwa jembamba mpaka halifai kuwekea sahani."

Bado sikumwamini kwa macho. Nilikuwa nimekwenda na karatasi yangu ya khaki, ile tunayokatia pateni za magauni, nikaomba aninakilie. Nikaikata, nikaikunja kwa urefu, nikaikunja tena kwa upana, robo nne zikalaliana, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Hakuna robo iliyochungulia nje ya mwenzake. Kwa wanaoshona mnajua maana yake.

Mbao. Alinipa kuchagua kati ya mninga na mkongo. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi, unafaa sana milango, lakini meza ya mkongo ya ukubwa huu ungehitaji kuita vijana kila siku ya usafi. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hauchezi sana, hauvimbi na kusinyaa ovyo kufuata majira. Kwa mji huu wetu wa baharini, wenye miezi ya mvua na miezi mikavu, hilo ni jambo la kuuliza. Uliza pia mbao zina nyundo, yaani alama ya wenye mamlaka ya misitu kwamba zimevunwa kwa kibali. Mzee alinionyesha bila kununa. Fundi akinuna kwa swali hilo, ondoka.

Uso wa meza ni mbao saba za inchi 6, zimeunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi na kubanwa kwa majiriwa mpaka kesho yake. Ndipo pateni ikalazwa juu, ikachorwa, ikakatwa. Umeme ulikatika katikati ya kazi na robo iliyobaki ikamaliziwa kwa msumeno wa mkono, na leo hii siwezi kukuonyesha ni robo ipi. Kuna kitu kimoja mjue kabla ya kulalamika: pande ndefu msumeno unakwenda karibu na mwelekeo wa nyuzi za mti, lakini kwenye ncha mbili unazikata nyuzi kwa kukingamisha. Sehemu hizo hunywa vanishi zaidi na kubaki nyeusi kuliko penginepo. Mgeni wangu mmoja alidhani zimeungua. Hazijaungua, ndivyo ulivyo mti, na dawa yake ni msasa mwingi pale kabla ya vanishi. Mzee alipiga, ila angeweza kuongeza.

Haya, miguu. Meza ina miguu minne, na kwenye meza isiyo na pembe huo ni mtihani, maana mguu hauna kona ya kujifichia. Ukiuweka nje sana unaonekana umetokeza, ukiuingiza ndani sana meza inayumba mtu akiegemea ncha. Mzee aliuweka kati na kati, na matokeo yake kuna nafasi mbili ambazo anayekaa anaupata mguu wa meza katikati ya magoti yake. Kwa mwanamke aliyevaa gauni la kubana ni adha, na kwa mwanamume mrefu ni adha zaidi. Ningeagiza tena leo ningesema nataka nguzo moja nene ya katikati yenye tako pana, au mbili zilizopangwa kwenye mstari wa urefu. Nilimweleza, akasema nguzo ingeongeza bei. Ni kweli ingeongeza, lakini kusema hivyo ilikuwa kazi yake siku ya chaki, siyo siku ya kukabidhi.

Na kule chini nilikolala: hakukupigwa msasa. Mkono ukipita unakwaruzika, na dera langu jepesi limeshavutwa nyuzi pale kwenye ubao unaoshika miguu. Nimetuma kijana akapasugua mwenyewe. Mafundi wetu wengi wana tabia hii, kwamba pasipoonekana si pahali. Nguo yangu naigeuza ndani nje mbele ya mteja kabla hajalipa, meza pia ingegeuzwa.

Kwenye matumizi sina neno. Nimeuzungusha tepu ukingo mzima, ni kama inchi 182. Mtu mzima anahitaji inchi 24 hivi ili akae na kula kwa raha, kwa hiyo wanaenea saba kwa starehe, na ukichanganya watoto wanatimia nane, hata tisa siku ya Idi. Tofauti na mstatili, hakuna anayekaliwa na pembe tumboni, na hakuna aliyekaa mbali mpaka apitishiwe bakuli na watu wawili. Upana wa inchi 42 unatosha kuweka sinia la wali katikati, bakuli la mchuzi wa pweza upande huu na kisamvu upande ule, na mkono wa mtoto wa darasa la tatu unafika. Watu wanaonana nyuso. Mazungumzo ya mwisho wa meza na mwanzo wa meza yamekuwa mazungumzo mamoja, hata mnapotaka yawe mawili.

Linalopungua ni eneo la kuwekea vitu. Ukilinganisha na mstatili wa urefu na upana huo huo, yai linakunyima kama sehemu ya tano, zile pembe nne ulizozikata. Niliona wazi nilipokata kitambaa chake cha meza. Vipande vinne nilivyobaki navyo mkononi vilitosha kutoa vitambaa vya kufutia mikono na bado nikapata kiraka. Kama wewe ni mtu wa kujaza meza majagi, redio na rundo la madaftari ya watoto, chukua mstatili, usijitese.

Kitambaa chenyewe, kwa atakayejishonea: usikunje ukingo wa kawaida kama wa shuka, utakunjamana kwenye ncha. Kata mkanda mwembamba kwa mshazari, ushonee kuzunguka, mshazari unavutika na kuufuata mviringo. Wauzaji wa nailoni za meza pale sokoni wanauza za mstatili na za duara. Ukiomba ya yai watakupa ya mstatili na mkasi.

Muda: alichelewa, tena alichelewa kwa kiasi cha kunifanya nibadilishe sauti kwenye simu. Sehemu ni mvua, vanishi haikauki hewa ikiwa na unyevu, na aliipaka ikakataa akaikwangua akapaka tena. Sehemu ni oda za watu. Ushauri wangu: nenda kati ya Juni na Septemba, kukavu, na kabla pesa za korosho hazijaanza kuingia. Minada ikishafunguka, kuanzia mwezi wa kumi, kila mwenye shamba Tandahimba, Newala na vijiji vya huku anataka mlango, kitanda na kochi kwa wakati mmoja, na wewe wa meza moja utaambiwa kesho mpaka uchoke. Lipa nusu, nusu nyingine baki nayo mpaka umeigeuza meza juu chini.

Usafiri ni guta, elfu kumi kutoka kwake mpaka kwangu Magomeni, hii ya hapa Mtwara. Uso wa meza unafunguka kwenye miguu kwa boliti, ukapitishwa mlangoni kwa kusimamishwa ubavu. Hakikisha anakupa na spana.

Mkitaka kumwona, nendeni asubuhi. Mchana anapumzika, Ijumaa hafungui mpaka baada ya sala. Msimpigie kumweleza umbo kwa mdomo, atawaambia mfike. Nendeni na vipimo vya chumba, siyo vya meza mliyoiona kwa mtu, na akiwauliza yai lipi, mwombeni chaki. Viti anatengeneza kwa elfu themanini kimoja, bila mito. Mito njooni kwangu.